Nani Aliyejenga Mazimbu?



Mwaka jana jumuiya yetu ya Watanzania hapa Denmark ilikuja na wazo. Vijana wetu waliozaliwa huku, wenye umri wa miaka kumi na saba au kumi na minane, wapelekwe Morogoro wakati wa likizo ya kiangazi, wiki tatu, wakasaidie kujenga madarasa mawili ya shule ya msingi. Kila mzazi atamlipia mwanawe nauli, na jumuiya itachangisha fedha za saruji na bati. Kwa kuwa mie ni mtu wa Morogoro, tena najulikana kwa kupenda habari za zamani, niliombwa niandike kurasa mbili za historia za kuwatia vijana moyo. "Waeleze habari za Mazimbu," akaniambia katibu wetu. "Waeleze jinsi watu wa huku walivyokwenda kwetu kujitolea, na wao waone fahari."

Nikakaa kuandika, nikakwama. Si kwamba habari hazipo, habari zipo tele. Kilichonikwamisha ni lile neno lenyewe, kujitolea. Kadiri nilivyozidi kuikumbuka Mazimbu ndivyo nilivyoona kwamba neno hili tunalitumia kwa watu fulani na kuwanyima wengine. Basi hizo kurasa mbili sikuziandika. Nimeandika haya badala yake.

Kwa wasiopajua, Mazimbu ni mahali kilomita chache tu kutoka Morogoro mjini. Zamani lilikuwa shamba la mkonge. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960 kwa sababu ya kamba za nailoni, mashamba mengi ya namna ile yalidorora, mengine yakabaki magofu na vichaka. Mwezi Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi, na maelfu ya vijana wakatoroka nchi kupitia Swaziland, Botswana na Msumbiji. Wengi walikuwa bado watoto wa shule. ANC ikajikuta na vijana ambao si wote walitaka au walifaa kwenda kwenye makambi ya kijeshi. Walihitaji shule. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikawapa lile shamba la Mazimbu. Bi. Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo, ni katika waliolisimamia jambo hili, na Waafrika Kusini wenyewe wanamtaja kwa heshima mpaka leo.

Shule ikaanza mwaka 1978 katika majumba yale ya zamani ya shamba yaliyokarabatiwa. Tarehe 6 Aprili 1979 makaburu walimnyonga kijana Solomon Mahlangu, umri wake miaka 22, na shule ikapewa jina lake. Kwa kifupi chake cha Kiingereza ikaitwa SOMAFCO. Sie watu wa Morogoro tukiita Mazimbu tu, na wenyewe tukiwaita "Wasauzi".

Miaka kumi na tatu au kumi na minne baadaye pale palikuwa na mji. Mabweni, madarasa, maktaba, shule ya msingi, mahali pa kulea watoto wachanga, hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi na kufunguliwa mwaka 1984, kiwanda cha samani kilichoitwa Vuyisile Mini, shamba la mahindi, ng'ombe, na nguruwe pia (wazee wetu walikuwa na maneno yao juu ya hao, lakini tuyaache). Mwaka 1985 Oliver Tambo aliifungua rasmi. Na mwaka 1982 serikali ilikuwa imewapa ANC eneo jingine kubwa zaidi kule Dakawa, njia ya Dodoma.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilitoka nchi hizi za Skandinavia, na Uholanzi, na kambi ya mashariki nayo haikukaa nyuma, Ujerumani Mashariki ilileta hata walimu. Na pamoja na fedha wakaja watu: mafundi umeme, mafundi bomba, maseremala, walimu, wauguzi. Baadhi yao walipitia Usa River karibu na Arusha kujifunza Kiswahili. Hawa ndio wanaoitwa watu wa kujitolea. Wadenishi wanasema *frivillig*, yaani mtu mwenye hiari iliyo huru.

Nataka niwe mkweli hapa, maana sitaki nionekane nakuja kuwatukana watu waliotutendea wema. Wale vijana waliacha kazi zao wakaenda kuishi mahali penye malaria kwa posho ndogo, wakati serikali kubwa za magharibi zilikuwa bado zinasitasita kuikata mikono Afrika Kusini. Wala haikuwa salama kabisa. Makomando wa makaburu walishambulia nyumba za ANC Matola mwezi Januari 1981 na Maseru mwezi Desemba 1982, na katikati ya hapo Ruth First akauawa Maputo kwa bomu lililotumwa kwa barua. Mtu aliyekwenda kufanya kazi katika shule ya ANC alikuwa anajua anakwenda wapi. Na Waafrika Kusini wenyewe hawakukaa wakisubiri kujengewa. Ujenzi ulisimamiwa na mtu wao, Oswald Dennis, na msanifu wao, Spencer Hodgson, na wanafunzi walitakiwa kufanya kazi za mikono kama sehemu ya masomo.

Lakini yuko mtu wa tatu. Huyo ndiye aliyenikwamisha.

Baba yangu mdogo alifanya kazi Mazimbu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alianza kama saidia fundi. Kwa waliokulia ughaibuni wasiojua: saidia fundi ndiye anayechanganya zege, anayebeba karai kichwani, anayesukuma toroli la kokoto, anayempandishia fundi matofali juu ya jukwaa la miti. Fundi akisema "leta", yeye analeta. Baadaye akajifunza kushika mwiko, akajua kupiga lipu, akajua kusoma timazi na pima maji, akawa fundi kamili. Walikuwa mamia ya Watanzania namna yake, kwa nyakati mbalimbali: Waluguru waliokuwa wakishuka milimani asubuhi, Wakaguru, Wapogoro, watu wa Mji Mpya na Kihonda, na wanawake waliokuwa wakichota maji na kupika. Walilipwa. Hili nalisema wazi: baba mdogo alikuwa akilipwa mshahara wake, na hakuwahi kunung'unika mbele yangu. Kazi ya Mazimbu ilikuwa kazi ya kutamaniwa.

Lakini kwa sababu alilipwa, basi yeye ni kibarua. Na yule Mdenishi aliyekuwa akipata posho, nyumba na tiketi ya ndege, yeye ni mtu wa kujitolea. Mmoja ana historia, mwingine ana siku alizolipwa. Nadhani mnaona ninakoelekea.

Turudi nyuma kidogo, maana wakati ule wenyewe una jambo la kusema. Mwaka 1977, mwaka ule ule Wasauzi walipopewa ardhi, ndio mwaka uliowekwa na Azimio la Musoma la 1974 kuwa kila mtoto wa Tanzania wa umri wa kwenda shule awe yuko darasani. Nchi nzima ilikuwa inajenga madarasa. Sie kijijini kwetu, chini ya milima ya Uluguru, tulijenga ya miti na udongo. Balozi wa nyumba kumi alipita jioni kutangaza: kesho ni kujitolea. Kila nyumba itoe mtu. Asiyefika alitozwa faini, na asiye na fedha alichukuliwa kuku. Watu walikuwa na utani wao, "kujitolea ni lazima". Mimi na wenzangu wa darasa la pili tulibeba kila mtoto mawe mawili kutoka mtoni kila asubuhi, na asiye na mawe alichapwa. Kwa hiyo mimi nami nimejitolea kujenga shule ya jamii, nikiwa na miaka minane, na fimbo ikiwa nyuma yangu.

Sitaki kusema yalikuwa mabaya yote. Tulisoma mle. Wengine tumefika huku kwa sababu ya yale madarasa ya udongo. Lakini mvua za masika zilikuwa zikila kuta, na kila mwaka tulikuwa tukikandika upya. Saruji hapakuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 vikaiacha nchi haina kitu. Sukari, sabuni, khanga, vyote kwa foleni kwenye duka la kaya. Mwaka 1983 Sokoine aliwaandama wahujumu uchumi, watu wakatupa mali mitoni wasikutwe nayo. Katika hali hiyo ndipo baba mdogo alikuwa akitoka Mazimbu jioni, na vumbi la saruji kwenye nywele zake, anaingia kijiji ambacho shule yake haina hata mfuko mmoja wa saruji.

Niliwahi kumuuliza, nikiwa mkubwa, kama hilo halikumuuma. Akacheka. Akasema, "Wale walikuwa wageni, mwanangu. Mgeni unamlaza kitandani, wewe unalala chini." Basi, hakusema zaidi.

Jibu lile nimelifikiria miaka mingi. Wasomi wakiandika habari za mchango wa Tanzania katika ukombozi hutaja Kamati ya Ukombozi ya OAU iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, hutaja Kongwa, hutaja mkutano wa ANC wa Morogoro wa mwaka 1969, na humtaja Mwalimu. Yote sawa. Lakini ile hiari ya mtu wa kawaida kukubali saruji impite mlangoni iende kwa mgeni, hiyo haimo kwenye orodha ya michango. Nayo ilikuwa hiari kweli? Hakuna aliyemuuliza baba mdogo. Serikali iliamua kwa niaba yake. Na yeye aliamua kuukubali uamuzi ule kama wake. Mie naona hapo ndipo neno kujitolea linapopata maana yake, zaidi kuliko kwa mtu yeyote aliyepanda ndege, na pia zaidi kuliko kwetu sisi wa mawe mawili.

Wala uhusiano haukuwa wa asali tupu, tusidanganyane. Kulikuwa na biashara ya chinichini: nguo za misaada zilitoka, pombe ikaingia. Kulikuwa na ugomvi wa vijana, na kulikuwa na mapenzi. Wako dada zetu waliozaa na kuolewa na Wasauzi. Walipoondoka baada ya 1990 wengine walikwenda nao, wengine wakaachwa na watoto. Arianna Lissoni na Maria Suriano walichapisha utafiti juu ya wanawake hao mwaka 2014, na nawasihi wenye nafasi wausome. Halafu tarehe 12 Aprili 1984, pale Dakawa, gari lililoendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini liligongana na la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, naye akafa. Mnakumbuka uvumi uliozuka, sina haja ya kuurudia. Nakumbuka tu kwamba kwa siku kadhaa wazee kijijini walikuwa na wasiwasi watu wasije wakawafanyia Wasauzi ubaya. Kwetu hakuna aliyenyanyua mkono. Baba mdogo alirudi kazini.

Na tazama historia inavyojiviringa. Julai ya mwaka ule ule Kitivo cha Kilimo pale Morogoro kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Sokoine. Tarehe 9 Julai 1992 Tambo, akiwa mgonjwa na mzee, aliikabidhi Mazimbu kwa Rais Ali Hassan Mwinyi, na Mazimbu ikawa sehemu ya chuo hicho hicho. Leo inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Majina mawili yaliyokutanishwa na shule moja. Makaburi ya Wasauzi yako pale pale, yanatunzwa, na wageni wa serikali huja kuweka mashada.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye maonyesho ya picha katika mji mmoja wa huku Ulaya, kuadhimisha mshikamano na Afrika Kusini. Picha moja ilikuwa ya Mazimbu. Kijana mzungu, kifua wazi, amesimama juu ya kenchi ya paa na nyundo mkononi. Chini yake wanaume sita au saba weusi wamebeba mbao, wengine wameinama juu ya zege. Maandishi yalisema, kwa lugha yao: mtu wa kujitolea akijenga shule, akisaidiwa na wenyeji.

Nikasimama pale kwa muda. Akisaidiwa na wenyeji. Saidia fundi.

Mzee mmoja akanijia akaniuliza kwa Kiswahili kilichochakaa, "Unatoka wapi, ndugu?" Ndiye yule wa kwenye paa. Seremala, alikwenda mwaka 1982 akakaa miaka miwili. Nikamwambia moja kwa moja yaliyo moyoni mwangu juu ya yale maandishi, na nilitegemea akasirike. Hakukasirika. Akaniambia maandishi si yake, na kwamba siku ya kwanza alipofika alijua kupaua kwa vipimo vya Denmark, mbao nyororo zilizokauka vizuri. Mbao alizopewa Mazimbu zilikuwa mbichi, zikipinda zikikauka. Aliyemfundisha namna ya kuzichagua na kuzipanga ni fundi mmoja wa Morogoro. "Mimi ndiye nilikuwa saidia," akasema, halafu akaona haya kidogo, maana jina la yule fundi alikuwa amelisahau. Alikumbuka "lete karai", alikumbuka "kesho" na "bado kidogo", alikumbuka ugali na dagaa wa mchana, lakini jina halikuja.

Akanipa nakala za picha kumi na nne. Baba mdogo alikuwa amekwishafariki, Mungu amrehemu. Nikazituma kwa simu kwa binamu yangu, naye akazipeleka kwa wazee mtaani. Ilichukua wiki mbili. Katika sura zaidi ya thelathini walizitambua tisa, watatu kati yao wakiwa hai. Baba mdogo hakuonekana hata katika moja, na sitaficha kwamba nilimtafuta.

Fundi wa mbao walimtambua kwa kofia yake. Yu hai. Binamu alimfuata nyumbani, akamkuta anapanga mbao uani, ana zaidi ya miaka themanini. Akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema huyo mzungu alikuwa mtu mzuri lakini misumari alikuwa akiipoteza sana, na misumari wakati ule ilikuwa dhahabu. Kisha akauliza kama hakuna picha nyingine, maana katika hii yeye anaonekana mgongo tu.

Nimemfikishia Mdenishi ujumbe. Anazitafuta nyingine kwenye dari ya nyumba yake.

Kuna kitabu kikubwa juu ya shule hii, cha Seán Morrow na wenzake, kilichotoka mwaka 2004, na kuna hifadhi za nyaraka huko Afrika Kusini. Sidai kwamba historia ya Mazimbu haijaandikwa. Ninachosema ni kwamba orodha ya waliojenga, jina kwa jina, kwa upande wetu iko kwenye vichwa vya wazee waliopita miaka themanini, na kila masika inapungua. Kama miongoni mwenu yuko ambaye baba yake, mjomba wake au mama yake alifanya kazi pale, iwe Mazimbu au Dakawa, na aandike jina, kazi na mwaka. Hata kama ni jina la utani. Mafundi wengi walijulikana kwa hayo tu.

Ama safari ya vijana wetu, mkutano ni mwezi ujao na mie nitasema hivi. Nauli ya kijana mmoja kwenda na kurudi inalipa fundi na saidia wake kwa muda mrefu kuliko hizo wiki tatu. Kwa hiyo fedha za ujenzi ziende kwa mafundi wa pale, waajiriwe watu wa kijiji kwa mshahara unaoeleweka. Vijana nao wakitaka kwenda, waende. Lakini wasiende kujenga. Wapewe daftari na kalamu, wakae na wale wazee watatu waandike. Na kama watashika kazi ya mikono, washike karai, na fundi akisema "leta", walete.

Katibu ameniambia wazazi hawatalipa nauli ili watoto wao wakabebe zege. Tutaona.